Kufungua na kufunga katalogi za tafsiri katika programu za C: mwongozo kamili

Dalili ni ileile kila mara. Katalogi ya Kiswahili, yaani faili lenye ujumbe wa programu uliotafsiriwa, imeandikwa, gencat inayoijenga imepita bila kulalamika, programu imekompailiwa, lakini kwenye skrini ya karani wa ghala bado kinatokea Kiingereza. Au kibaya zaidi: Kiswahili kinatokea vizuri mchana kutwa, kisha jioni programu inaanguka kabla haijachapa jumla. Kosa la kwanza liko kwenye kufungua katalogi, la pili kwenye kuifunga. Yote mawili yana tiba, na hakuna hata moja linalohitaji kuandika programu upya.

Mfano wetu ni programu ndogo ya mapokezi ya korosho, ya aina inayokaa kwenye kompyuta ya ghala la chama cha msingi, iwe Newala, Tandahimba, Masasi au Ruangwa. Inapokea uzito, inataja namba ya mkulima, mwishoni inatoa jumla. Tunaiita `ghala`. Maelezo yote ni ya Linux yenye maktaba ya glibc, kama Debian na Ubuntu.

## Vinavyohitajika

- Kompaila na gencat. Kwenye Debian na Ubuntu, kifurushi cha `build-essential` kinavileta vyote viwili. Hakikisha kwa `gencat --version`.
- Kifurushi cha `locales`, ili kompyuta iwe na lokali ya Kiswahili, yaani mpangilio wa lugha na nchi.
- `strace` na `valgrind`. Ya kwanza inaonyesha mafaili ambayo programu inajaribu kufungua, ya pili makosa ya kumbukumbu. Usianze bila hivi. Bila strace utakuwa unakisia katalogi inatafutwa wapi, na kukisia ndiko kunakomaliza siku nzima.
- Kihariri cha maandishi kinachohifadhi kwa UTF-8.

Tengeneza folda `~/ghala`, na ndani yake `msg` na `katalogi/sw`.

## Hatua ya 1: Washa lokali ya Kiswahili

Fungua `/etc/locale.gen` kwa mamlaka ya msimamizi, tafuta mstari `sw_TZ UTF-8`, ondoa alama ya reli (`#`) iliyo mwanzoni mwake, kisha:

```
sudo locale-gen
locale -a | grep sw_TZ
```

Umefaulu ikiwa komandi ya pili inarudisha `sw_TZ`. Ikirudisha ukimya, usiendelee. Hatua zote zinazofuata zitaonekana sahihi na Kiswahili hakitatokea.

Wapo wanaotumia `localedef` moja kwa moja. Inafanya kazi, lakini siku maktaba ya C inaposasishwa, locale-gen hujenga upya orodha kwa kufuata `/etc/locale.gen` peke yake, na lokali yako inapotea. Msimu wa korosho si wakati wa kuligundua hilo.

## Hatua ya 2: Andika faili la ujumbe

Hifadhi hili kama `msg/sw.msg`:

```
$ codeset=UTF-8
$ Ujumbe wa programu ya ghala
$quote "
$set 1
1 "Mapokezi ya korosho\n"
2 "Mkulima %2$s ameleta kilo %1$d\n"
3 "Jumla: kilo %d\n"
```

Mstari unaoanza na alama ya dola ikifuatwa na nafasi ni maelezo tu. Ukisahau ile nafasi, gencat inadhani ni amri na itakataa. Mstari wa `codeset` ni maelezo pia, ila gencat ya glibc inausoma ili ijue faili limeandikwa kwa herufi za aina gani.

Kati ya namba na alama ya kunukuu acha nafasi moja tu. Namba zipande kutoka ndogo kwenda kubwa ndani ya seti; zinaweza kuruka, haziwezi kurudi nyuma.

Angalia ujumbe wa 2. Kiingereza kinataja kilo kwanza, Kiswahili kinamtaja mkulima kwanza. Ndiyo kazi ya `%2$s` na `%1$d`: namba inataja nafasi ya thamani katika orodha ambayo programu inaitoa. Ukianza kutumia namba hizi kwenye ujumbe mmoja, zitumie kwa kila alama ya asilimia ndani ya ujumbe huo. Na usibadilishe aina: palipo `d` pabaki `d`. Mtafsiri akiweka `%1$s` mahali pa namba, programu itaichukua 82 kama anwani ya kumbukumbu na kuanguka. Kompaila haiwezi kukuonya, kwa sababu ujumbe unatoka kwenye faili ambalo yeye halioni. Kwa hiyo kila tafsiri mpya isomwe na mtu anayejua C kabla ya kupelekwa ghalani.

Onyo moja kwa wanaoandika tafsiri kwenye simu na kuzituma kwa WhatsApp: simu nyingi hubadilisha kistari cha juu kilichonyooka kuwa kilichopinda. Neno kama *ng'ombe* au *ng'oa* linaingia na alama isiyo ya ASCII. Faili lisipokuwa na mstari wa `codeset`, na gencat ikaendeshwa chini ya lokali ya C, ujumbe wenye alama hiyo unatupwa na onyo la mstari mmoja ambalo watu hawalisomi. Kiswahili karibu chote kinaandikika kwa ASCII, ndiyo maana kosa hili hujificha hadi ng' ya kwanza.

## Hatua ya 3: Jenga katalogi

```
cd ~/ghala
rm -f katalogi/sw/ghala.mpya
gencat katalogi/sw/ghala.mpya msg/sw.msg
chmod 644 katalogi/sw/ghala.mpya
mv katalogi/sw/ghala.mpya katalogi/sw/ghala.cat
```

Kwa nini mzunguko wote huu, wakati gencat inaweza kuandika `ghala.cat` moja kwa moja? Kuna sababu mbili.

Ya kwanza: gencat ikikuta faili la katalogi lipo tayari, haianzi upya. Inachanganya ujumbe mpya na wa zamani. Ujumbe uliofuta kwenye `sw.msg` wiki iliyopita unaendelea kuishi ndani ya katalogi.

Ya pili ni nzito zaidi. Programu inayoendelea kufanya kazi imeliweka faili la katalogi kwenye kumbukumbu yake. gencat ikiandika juu ya faili hilohilo, kwanza inalikata hadi sifuri, na programu ikigusa ujumbe wakati huo inauawa na mfumo kwa `Bus error`. Ukitumia `mv`, programu iliyo wazi inabaki na katalogi ya zamani, nzima, hadi itakapofungwa. Itakayofunguliwa baadaye itaikuta mpya.

`chmod 644` inahusu kompyuta yenye watumiaji zaidi ya mmoja. Katalogi ambayo karani hana ruhusa ya kuisoma ni sawa na katalogi isiyokuwepo.

## Hatua ya 4: Andika programu

```c
#include <errno.h>
#include <locale.h>
#include <nl_types.h>
#include <stdio.h>
#include <string.h>

#define SETI_MAPOKEZI 1
#define UJ_KICHWA     1
#define UJ_AMELETA    2
#define UJ_JUMLA      3

int main(void)
{
    const char *mkulima = "MT-0147";
    int kilo = 82;
    int wazi;
    nl_catd kat;

    setlocale(LC_CTYPE, "");
    if (setlocale(LC_MESSAGES, "") == NULL)
        fprintf(stderr, "ghala: lokali haipo hapa\n");

    errno = 0;
    kat = catopen("ghala.cat", NL_CAT_LOCALE);
    wazi = (kat != (nl_catd)-1);
    if (!wazi)
        fprintf(stderr, "ghala: katalogi haikufunguka: %s\n",
                strerror(errno));

    printf("%s", catgets(kat, SETI_MAPOKEZI, UJ_KICHWA,
                         "Cashew intake\n"));
    printf(catgets(kat, SETI_MAPOKEZI, UJ_AMELETA,
                   "Received %d kg from %s\n"), kilo, mkulima);
    printf(catgets(kat, SETI_MAPOKEZI, UJ_JUMLA,
                   "Total: %d kg\n"), kilo);

    if (wazi && catclose(kat) == -1)
        perror("ghala: catclose");
    return 0;
}
```

Kompaili kwa `gcc -Wall -Wextra -g -o ghala ghala.c`.

setlocale, inayochagua lokali, lazima itangulie catopen, inayofungua katalogi. Programu ya C huzaliwa ikiwa katika lokali inayoitwa `C`, hata kama kompyuta nzima imewekwa Kiswahili. `NL_CAT_LOCALE` inaiambia catopen itazame lokali ya sasa ya programu. Usipoita setlocale, lokali ya sasa ni `C`, na katalogi inatafutwa kwenye folda ya `C`. Hili ndilo kosa la kwanza kwa wingi.

Kwa nini hatukuandika `LC_ALL`? Kwa sababu ya mizani. `LC_ALL` inabadilisha pia namna ya kusoma namba. Mizani inatuma `82.4` yenye nukta. Siku programu ikiendeshwa chini ya lokali ya Kireno ya `pt_PT`, jambo lisilo geni kwa mikoa inayopakana na Msumbiji, alama ya desimali inakuwa mkato, na `strtod`, inayogeuza maandishi kuwa namba, inasoma 82 na kuishia hapo. Gramu 400 za mkulima zimepotea bila ujumbe wowote wa kosa. Chukua `LC_MESSAGES` na `LC_CTYPE` tu.

Kipimo cha kushindwa ni `(nl_catd)-1`. Si `NULL`, si "chini ya sifuri". Kwenye glibc, `nl_catd` ni kielekezi, kwa hiyo kipimo cha `NULL` kinakubali katalogi iliyoshindwa kana kwamba imefunguka.

catgets, inayosoma ujumbe kwenye katalogi, hairudishi `NULL`. Ikikosa ujumbe, inarudisha maneno uliyoyaweka mwishoni. Ndiyo maana programu haianguki katalogi ikikosekana, na ndiyo maana kosa linaweza kukaa miezi bila kuonekana. Ule mstari wa `fprintf` usiuondoe.

Jina ni `ghala.cat`, pamoja na mkia. Njia za kawaida ambazo glibc hutafutia hutumia jina kama ulivyolitoa, bila kuongeza `.cat`. Ukiandika `catopen("ghala", ...)` itabidi mkia uuweke mahali pengine, na wengi huishia na `ghala.cat.cat`.

## Hatua ya 5: Ielekeze programu kwenye katalogi

```
export NLSPATH="$HOME/ghala/katalogi/%l/%N"
LC_ALL=sw_TZ ./ghala
```

NLSPATH ni kigeu cha mazingira kinachotaja njia za kutafutia katalogi. `%N` ni jina ulilompa catopen. `%l` ni lugha peke yake, yaani `sw`. Ipo pia `%L`, ambayo ni jina zima la lokali. Tunashauri `%l`. Ukitumia `%L`, folda ya `sw_TZ` haitapatikana kwenye kompyuta iliyoandikwa `sw_TZ.UTF-8` au `sw_KE`, na utajikuta unanakili katalogi moja kwenye folda tatu.

Umefaulu ukiona:

```
Mapokezi ya korosho
Mkulima MT-0147 ameleta kilo 82
Jumla: kilo 82
```

Jaribu upande wa pili pia: `LC_ALL=C ./ghala`. Hapo Kiingereza kitoke, pamoja na onyo la katalogi kutofunguka. Onyo lisipotoka, kipimo chako cha kushindwa kina kasoro.

Kwa usakinishaji wa kudumu, iweke katalogi kwenye `/usr/share/locale/sw/LC_MESSAGES/ghala.cat`. Hapo NLSPATH haihitajiki, na hilo ni jema, kwa sababu NLSPATH hupotea kirahisi: cron, inayoendesha kazi kwa ratiba, haisomi mipangilio ya terminali yako, sudo husafisha mazingira, na programu yenye mamlaka ya setuid (inayoendeshwa kwa mamlaka ya mwenye faili) haiiheshimu kabisa. Kwa kazi za cron, lokali nayo itajwe: andika `LANG=sw_TZ` juu ya mstari wa kazi.

Usiiache NLSPATH ielekee kwenye folda ambayo kila mtu anaweza kuandika. Ujumbe wa katalogi unaingia moja kwa moja kwenye `printf`. Mwenye kuweza kuubadilisha anaweza kuiangusha programu au kuifanyia mabaya zaidi.

## Kiswahili hakitoki: soma njia kwa strace

```
strace -e trace=openat ./ghala 2>&1 | grep ghala.cat
```

Kila mstari ni mahali ambapo programu ilipiga hodi. Usome kwa makini, jibu limo ndani.

- Njia ina `/C/` mahali pa lugha: setlocale haikuitwa, au lokali haipo. Rudi hatua ya 1, kisha ya 4.
- Njia ina `/en/`: lokali ni ya Kiingereza. Kumbuka `LC_ALL` inashinda `LC_MESSAGES`, nayo inashinda `LANG`. Wengi hubadilisha `LANG` huku `LC_ALL` ikiwa imekaa kimya kwenye `.bashrc`. Kigeu cha `LANGUAGE` hakihusiki hapa. Hicho ni cha gettext, mfumo mwingine wa tafsiri.
- Njia ni sahihi lakini mwisho wake ni `ENOENT`: faili halipo, au jina limekosewa.
- Mwisho ni `EACCES`: ruhusa. Angalia folda pia, si faili peke yake.
- Faili linafunguka, halafu bado Kiingereza: ama umenakili `.msg` badala ya kuijenga kwa gencat, ama namba za seti na ujumbe kwenye programu hazilingani na za katalogi.

## Hatua ya 6: Funga mara moja, mwishoni

Kufunga kunaonekana kazi ndogo, na ndiko kunakoangusha programu. Kielekezi unachopewa na catgets hakibebi nakala ya maneno. Kinaonyesha ndani ya katalogi yenyewe, ilivyo kwenye kumbukumbu. `catclose` ikiitwa, sehemu hiyo inaondolewa. Tazama hapa:

```c
const char *jumla = catgets(kat, SETI_MAPOKEZI, UJ_JUMLA,
                            "Total: %d kg\n");
catclose(kat);
printf(jumla, kilo); /* hapa inaanguka */
```

Mstari wa tatu unasoma mahali ambapo hapapo tena. Matokeo ni `Segmentation fault`. La hatari ni kwamba katalogi ikikosekana, msimbo huuhuu haudhuriki, kwa sababu `jumla` inaonyesha maneno yaliyo ndani ya programu. Kwenye kompyuta yako isiyo na katalogi unapita, ghalani Liwale unaanguka.

Kosa hilihili hujificha ndani ya `atexit`, inayosajili funksheni za kuitwa programu inapomalizika. `main` inafunga katalogi na kurudi, kisha funksheni iliyosajiliwa inaamka kuchapa jumla ya siku kwa ujumbe wa katalogi. Kama unatumia atexit, usiifunge katalogi ndani ya `main`. Sajili funksheni ya kufunga kwanza, kabla ya nyingine zote. Zilizosajiliwa huitwa kuanzia ya mwisho kurudi nyuma, kwa hiyo ya kwanza ndiyo itakayofunga mlango.

Ukihitaji ujumbe uishi baada ya kufunga, uchukue kwa `strdup` na uuachie kwa `free`.

Usifunge mara mbili. `catclose` ya kwanza inaachia kumbukumbu, ya pili inagusa kilichoachiwa, na hakuna anayeweza kuahidi kitakachotokea. Baada ya kufunga, weka `kat = (nl_catd)-1` na `wazi = 0`. Tangu hapo catgets itarudisha maneno ya akiba badala ya kuanguka.

Wala usifungue ndani ya kitanzi. Kuna wanaoita catopen kwa kila gunia linalopita kwenye mizani na kusahau kufunga. Kila wito unachukua kumbukumbu mpya, na kompyuta ndogo ya ghala inazidi kuwa nzito kadiri foleni inavyosonga. Fungua mara moja programu inapoanza.

Pima kwa:

```
LC_ALL=sw_TZ valgrind --leak-check=full ./ghala
```

Kusiwe na `Invalid read`, na mstari wa mwisho useme `0 errors`.

## Kwa lugha zisizo na lokali: Kimakonde, Kimwera, Kiyao

glibc haina lokali ya lugha hizi, kwa hiyo `setlocale` itazikataa na njia ya `NL_CAT_LOCALE` inafungwa. Upo mlango mwingine. Weka sifuri mahali pa alama hiyo:

```c
kat = catopen("ghala.cat", 0);
```

Sasa catopen inasoma `LANG` moja kwa moja kama maandishi, bila kuuliza kama lokali ipo. Tengeneza folda `katalogi/kde`, weka katalogi ya Kimakonde humo, kisha:

```
LANG=kde_TZ LC_CTYPE=C.UTF-8 ./ghala
```

Kimwera ni `mwe`, Kiyao ni `yao`. Onyo la lokali litatoka kwenye stderr. Kwenye toleo la lugha hizi ondoa kipimo cha `LC_MESSAGES`, kwani hakina kazi tena. Katalogi iandikwe kwa UTF-8: catgets hairekebishi herufi, inazitoa kama zilivyo.

Gharama yake ni hii: ukiwa na sifuri, `LC_ALL` na `LC_MESSAGES` hazisikilizwi kabisa katika kutafuta katalogi. Anayetaka Kiswahili naye atalazimika kuandika `LANG=sw_TZ`.